Masika ya Rangi Mbichi

Jumatatu, 4 Machi

Mama mkwe amehamia kwetu leo. Amekuja na masanduku mawili, mto wake mwenyewe na pumu yake. Wifi yangu, aliyekuwa akikaa naye, amehamishwa kikazi, kwa hiyo zamu ni yetu. Alimshusha mlangoni, akamwambia mume wangu huku mimi nasikia, "Kaka, harufu ndiyo adui. Moshi, marashi, rangi. Akibanwa tena kama mwaka jana, daktari hakutuahidi kitu."

"Hapa hakuna harufu," mume wangu akajibu.

Wote watatu wakageuka kuutazama mlango wa chumba changu cha kuchorea.

Nilikuwa nimeshajitayarisha. Madebe ya tapentaini nimempa fundi samani wa mtaa wa nyuma. Nimenunua zile rangi za mafuta zinazokubali maji: unazilainisha kwa maji ya bomba, na brashi unaosha kwa sabuni kama sahani. Lakini chumba cha wageni kinapakana ukuta na changu, na mama mkwe kabla hata hajaketi alisema, "Nyumba hii inanuka kiwanda."

Alhamisi, 7 Machi

Mvua ya kwanza. Uani kumekuwa bwawa.

Jumamosi, 9 Machi

Rangi hizi zina tabia zake. Ukizidisha maji zinafifia na kuwa kama uji, halafu maji yakishaondoka zinakolea kuliko ulivyotaka. Bluu niliyoiacha jana jioni si niliyoikuta asubuhi. Inabidi nijifunze upya, kama mtu aliyebadilishiwa jiko.

Amenipigia mwenye ukumbi wa maonyesho, yule ambaye sisi wachoraji tunamwita Miwani, kwa sababu ana miwani nyingi na zote hukaa kichwani. Anataka picha ya mtu mmoja, mkubwa, aliye hai, aliyekaa mbele yangu. "Si ya kunakili kwenye simu. Nataka mtu anayepumua. Iwe imefika tarehe ishirini Mei, na ikiguswa isichafue kidole." Nimengojea nafasi kwenye ukuta wake tangu nilipoacha kuandika mabango ya maduka. Nikakubali kabla sijajiuliza nitamchora nani.

Jumatano, 13 Machi

Mama mkwe amekohoa asubuhi nzima. Mume wangu alinishika mikono akainusa, mmoja baada ya mwingine, kama askari wa mpakani anayepekua mzigo.

"Sabuni," akasema.

"Ulitegemea nini?"

Akachukua mkoba wake wa zana akaenda kazini. Ni fundi wa lifti. Siku nzima anashughulika na milango isiyofunguka.

Jumamosi, 16 Machi

Leo mama mkwe alikuja kunifumania. Nilikuwa nachanganya rangi, nikasikia pumzi yake mlangoni kabla sijamwona. Akaingia, akainama juu ya kibao changu cha rangi, akanusa. Akanusa kopo la maji. Akafungua kichupa cha mafuta ya kuchelewesha akakinusa pia.

"Haya ni ya nini?"

"Yanazuia rangi isikauke haraka, mama. Nipate muda wa kuichezea."

"Watu wanataka vitu vikauke, wewe unataka visikauke. Na masika haya." Akaketi kwenye kiti changu, kwa sababu alikuwa amechoka, si kwa sababu alikaribishwa. "Basi nichore mimi, kama huna kazi."

Nadhani alitania. Mimi nilikuwa nimeshachukua mkaa wa kuchorea.

Jumanne, 19 Machi

Mama anakaa mpaka pumzi imwishie. Siku nyingine ni muda wa chai kupoa, siku nyingine hata chai haipoi. Kwa hiyo yale mafuta ya kuchelewesha ndiyo yananiokoa. Kwa rangi ya kawaida, shavu la leo lingekuwa limekauka kesho, nami ningelazimika kupaka juu yake. Kwa hii ninaendelea nilipoishia, rangi inapokea rangi, kama mazungumzo yaliyokatizwa na mgeni.

Na yeye anazungumza. Alikuwa opereta wa simu, enzi ambazo simu zote za mji zilipita mikononi mwa wanawake wachache waliokaa mbele ya ubao wa waya. "Sauti yangu ilijulikana kuliko ya meya," anasema. "Nilikuwa nachomeka waya, nasema, nimekuunganisha, ongea. Hapo natoka. Ya watu si yangu."

"Hukuwahi kusikiliza?"

"Kusikia si kusikiliza, mwanangu."

Ni mara ya kwanza kuniita mwanangu. Nilijifanya sikusikia, ili asiirudishe.

Jumatano, 27 Machi

Mvua. Alikaa kidogo tu. Nimemaliza paji la uso.

Jumanne, 2 Aprili

Hakuna kinachokauka nyumba hii. Shuka zina unyevu, chumvi imegandamana, kuvu imetambaa nyuma ya kabati. Na picha! Nikigusa shavu nililolipaka wiki iliyopita, linashika kidole. Nimezidisha yale mafuta, najua. Miwani amepiga: "Inakauka?" Nikamwambia inaendelea vizuri. Kuendelea inaendelea.

Jambo jingine linanisumbua. Mdomo. Nimeuchora mzuri, mpole, mdomo wa bibi wa kwenye kalenda. Kila atakayeuona ataupenda. Mama mwenyewe alitazama akasema, "Sawa," kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu na hataki ugomvi.

Jumanne, 9 Aprili

Mifereji imefurika, mende wote wamehamia ndani. Mama mkwe amemwona mmoja juu ya mto wake na nyumba nzima ikajua. Mume wangu akasema atawashughulikia. Nikamwambia, "Tafadhali, ile dawa ya kupaka pembeni. Usipulize kitu humu."

"Kwani mimi mtoto?"

Jumapili, 14 Aprili

Mafua. Sinusi chochote, hata kahawa.

Ijumaa, 19 Aprili

Nisipoandika sitatulia.

Jana mume wangu hakwenda kazini, umeme ulikatika kwenye majengo yao. Nilitoka kununua mkate na mayai, nikamwacha yeye sebuleni na mama akijiandaa kuoga. Niliporudi nilikuwa nimelowa chapachapa. Madirisha yote yalifungwa kwa ajili ya mvua. Nikabadili nguo, nikaingia kwangu, nikaanza kushughulikia mkono wa kulia, ule unaoshika kiti. Nikamsikia mama akitoka bafuni na kuingia chumbani kwake. Kitanda kikalia.

Halafu ukuta ukagongwa. Si kwa nguvu. Kama mtu anayepiga hodi akiwa na aibu.

Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono kwenye magoti, mabega yamepanda hadi masikioni. Inhela ilikuwa kwenye mapaja, ameshaitumia. Kifua kilikuwa kinavuta na hakuna kilichoingia. Midomo yake ilikuwa na rangi ninayoijua, majivu yenye bluu ndani yake. Nilijichukia kwamba hata wakati ule jicho langu liliitambua rangi.

Nilimwita mume wangu. Alimbeba mwenyewe, mvuani, hadi kwenye gari la jirani. Njiani mama alinishika kidole kimoja tu, akakibana kila alipojaribu kuvuta pumzi.

Hospitali walimweka kwenye mashine ya mvuke, wakamchoma sindano. Daktari, msichana mwenye sauti ya upole, akatuuliza, "Alipobanwa alikuwa karibu na nini? Kuna kitu kimetumika nyumbani leo?"

Kabla sijafungua mdomo mume wangu akasema, "Rangi. Mke wangu anachora. Chumba cha pili tu."

Daktari akanitazama. "Rangi za aina gani?"

Nikaeleza: mafuta, maji, sabuni, hakuna tapentaini. Nilipokuwa nikieleza nilisikia sauti yangu inajitetea, na mtu anayejitetea huonekana mkosaji. Daktari akasema kila kifua kina lake, afadhali niache kuchora kwanza mpaka ijulikane. Nikaitikia. Niliamini. Nilimwona mama kupitia kioo, amefungwa barakoa, nikaamini kwamba ni mimi.

Wifi alipigiwa simu palepale kwenye korido. Mume wangu alirudia maneno yaleyale, safari hii bila kunitazama.

Jumamosi, 20 Aprili

Mume wangu ametoa vitu vyangu vyote. Stendi, tyubu, brashi, picha. Vipo barazani chini ya nailoni. Upepo uliingiza manyunyu na sasa bega la kushoto la mama lina vidoti, kama ndui.

Jumanne, 23 Aprili

Mama anapumua bila mashine. Nesi anasema Ijumaa huenda akatoka. Mafua yangu yamepungua.

Leo niliamua kusafisha chumba chake ili akikute kinang'aa. Nilivuta kitanda. Chini yake kulikuwa na mende, wengi, wamelala chali, miguu juu. Wengine nyuma ya kabati, wengine kwenye kona ya dirisha. Chumbani kwangu, ukuta wa pili tu, hakuna hata mmoja aliyekufa. Niliona mmoja hai akipita kwa raha zake.

Nikapiga magoti nikapitisha kidole sakafuni karibu na ukuta. Palikuwa na utelezi. Nikanusa. Baada ya siku zote hizo bado ilikuwepo, ile harufu tamu ya kopo la kupuliza.

Nikakaa palepale sakafuni. Alipuliza. Mama akiwa bafuni, madirisha yamefungwa, alipuliza chumba kizima akatoka, na mama akarudi akajilaza humo.

Mume wangu aliingia nikiwa na kizoleo mkononi. Akatazama kizoleo. Akanitazama mimi.

"Mende wameisha?" akauliza.

"Wamekufa."

"Afadhali," akasema, akaenda kuoga.

Jumatano, 24 Aprili

Kumbe anajua. Alijua tangu korido ya hospitali. Kukosea ningemwelewa, mtu hutaka kumfurahisha mama yake, hupuliza dawa. Lakini kuniangushia mimi, haraka vile, kana kwamba sentensi ilikuwa tayari mfukoni!

Kwa nini sisemi? Kwa sababu naijua familia. Mkamwana akisema "si mimi, ni mwanao," nani atatazama mende? Watanitazama mimi. Na wifi amekwisha kunipigia: "Sikulaumu, lakini ningekuwa mimi ningechagua mtu kabla ya picha."

Nilitaka aseme yeye. Nampa siku kadhaa.

Ijumaa, 26 Aprili

Mama amerudi. Amepungua, shingo imekuwa ya ndege. Alipita barazani akauona uso wake chini ya nailoni, akasimama, akaendelea.

Jumatatu, 29 Aprili

Mume wangu akiwa kazini, mama aliniita.

"Kwa nini umeacha kuchora?"

"Daktari alisema, mama. Mpaka ijulikane."

"Ijulikane nini?"

Nikakunja nguo ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

"Nilikuwa bafuni," akasema. Anapumzika kila baada ya maneno machache sasa. "Maji nilikuwa nimefunga. Najipaka sabuni. Nikasikia, ssss. Halafu tena, ssss. Nikajua ni kopo. Nikadhani ni sebuleni. Nilipolala ndipo nikajua ni wapi."

"Mama, mbona hukusema?"

"Ningesema na pumzi ipi? Na nilipopata pumzi nikasikia kwamba ameshasema yeye. Nesi aliniambia, mkweo ndiye mwenye rangi." Akanitazama moja kwa moja. Ana macho ya kukata nyama. "Na wewe unajua. Umesafisha chini ya kitanda."

"Najua."

"Umemwambia?"

"Hapana."

"Vizuri. Mimi pia sijamwambia. Nimemzaa, namjua. Ukimsukuma atakana, na akishakana ataishi na huo uongo mpaka atauamini. Mwache kidogo."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka nitakapochoka mimi."

Jumatano, 1 Mei

Tumekula pamoja. Mume wangu anamkatia mama mkate, anamchemshia maji, anamfunika miguu. Mama anasema asante. Mimi nasema nipitishie chumvi. Sote watatu tunajua, na mmoja wetu anadhani anajua peke yake.

Alhamisi, 2 Mei

Miwani amepiga mara mbili. Sikupokea. Mvua haijakatika tangu juzi.

Ijumaa, 3 Mei

Asubuhi mume wangu alifungua mdomo. Nilikuwa naosha vyombo, akasimama nyuma yangu, akasema, "Mke wangu, kuhusu ile siku..." Nikafunga bomba ili nisikie vizuri. Nadhani kile kimya ndicho kilichomtisha. Akasema, "Ile siku jirani hakutaka hela ya mafuta ya gari. Tumshukuru." Akaondoka na mkoba wake.

Nilifungua bomba tena nikaacha maji yatiririke tu.

Kesho wifi anakuja.

Jumamosi, 4 Mei

Wifi alifika kabla ya chakula cha mchana. Alimkumbatia mama muda mrefu, akanisalimia kwa heshima ya baridi. Tulipoketi mezani akasema amefikiri sana. Ama chumba changu kifungwe moja kwa moja, na vile vitu vitoke hata barazani, ama amchukue mama aende kukaa naye kwenye chumba kimoja alichopewa kazini kwake. "Sitaki kurudi hapa kwa ajili ya mazishi," akasema. "Wifi, nisamehe, lakini lazima mtu aseme."

Mume wangu alikuwa anatazama sahani yake. "Tutafunga," akasema. "Hakuna shida. Tutafunga."

Hakuna shida. Niliweka kijiko chini. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kuanza.

Mama akaniwekea mkono juu ya mkono. Kisha akanyoosha mgongo, kidogo kidogo, mpaka akawa ameketi kama mtu aliye mbele ya ubao wake wa kazi. Sauti iliyotoka sijawahi kuisikia. Haikuwa na kikohozi ndani yake. Ilikuwa wazi, ya kazini.

"Mwanangu," akamwambia, "dada yako yupo. Mkeo yupo. Mimi nipo. Nimekuunganisha. Ongea."

Mvua ilikuwa inapiga bati la baraza. Wifi alinitazama, akamtazama kaka yake, hakuelewa. Mume wangu alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Masikio yake yaliwiva.

"Ni mimi," akasema. Akakohoa, akarudia. "Nilipuliza dawa ya mende chumbani kwa mama. Nilifunga na dirisha. Haikuwa rangi."

"Ulijua lini?" wifi akauliza polepole.

"Pale pale nilipombeba. Nguo zake zilikuwa zinanuka."

"Ukasema ni wifi."

"Daktari aliuliza, nikaona... nikaona wewe utakavyonitazama. Ulinikabidhi mama mlangoni. Nilisema kabla sijafikiri, na nikishasema..." Akageuka kwangu. Macho yalikuwa mekundu. "Kila siku nilitaka kukwambia. Hata jana."

"Hata jana," nikasema, "uliniambia tumshukuru jirani."

Wifi alisimama akazunguka meza, nikadhani anamwendea yeye. Akasimama nyuma ya kiti changu, akaniwekea mikono mabegani. Mama akavuta sahani yake karibu.

"Chakula kinapoa," akasema, kwa sauti yake ya kawaida, na palepale akaanza kukohoa.

Jumatatu, 6 Mei

Mume wangu amerudisha vitu vyangu mwenyewe, kimoja kimoja. Daktari ameambiwa ukweli. Anasema chumba kiwe na hewa, na mama akipenda akae, akibanwa aondoke. Mume wangu ametoboa ukuta wa nje akafunga feni inayovuta hewa kutoka chumbani kwangu. Ameifunga vizuri. Kazi yake anaijua.

Tunaongea mambo ya nyumba. Analala ameelekea ukutani. Sijui hili litachukua muda gani. Sina hasira tena kama ile ya wiki iliyopita, lakini nikimsikia anajibu swali haraka, moyo unashtuka.

Jumamosi, 11 Mei

Miwani alikuja mwenyewe. Aliitazama picha, miwani zikashuka kutoka kichwani moja baada ya nyingine. Vidoti vya manyunyu nilikuwa nimeviondoa kwa kitambaa. Vilitoka kwa urahisi kwa sababu rangi ilikuwa mbichi bado. Alibonyeza sehemu ya gauni, kidole kikaacha alama.

"Ukiacha kuigusa leo, uiweke penye joto, tarehe ishirini tutaibeba kwa uangalifu," akasema. "Ni nzuri. Watu watampenda bibi huyu."

Baada ya kuondoka nilikaa nikamtazama bibi huyo. Watu watampenda, ni kweli. Lakini bibi huyo hangeweza kusema yale aliyoyasema mama mezani. Ule mdomo wa kalenda hauwezi kumwambia mtu yeyote "ongea."

Jumatatu, 13 Mei

Nimeukwangua mdomo. Kisu kiliingia kama kwenye siagi na kila kitu kikatoka, mpaka weupe wa chini. Hakuna mdomo sasa. Nilimpigia Miwani nikamwambia nisingojewe.

Akasema, "Unajua sijui lini nitakuwa na nafasi nyingine."

"Najua."

Nilikata simu nikalia kidogo, kwa ajili ya ule ukuta wa maonyesho. Halafu nikaenda kumwita mama.

Ijumaa, 17 Mei

Mvua inapungua. Mama anakaa muda mrefu zaidi, feni inavuma. Safari hii nimetumia mafuta machache. Nataka huu mdomo ukauke.

Jumatatu, 20 Mei

Leo maonyesho yanapangwa bila mimi. Mume wangu alijua tarehe. Aliniletea chai chumbani, akasimama mlangoni.

"Ni kwa sababu yangu umekosa."

Ningeweza kusema ndiyo. "Si yote," nikasema. "Mdomo nilikuwa nimeukosea mwenyewe."

Akabaki pale. "Naweza kuketi?"

Nikamwonyesha ndoo. Akaigeuza akaketi, akanitazama nikifanya kazi, na mimi sikumfukuza.

Jumanne, 28 Mei

Nimemaliza. Nilimwita mama aje kutazama. Alisimama mbali, kisha karibu, kisha akaomba kiti. Mwanamke wa kwenye picha amenyoosha mgongo, mkono mmoja umeshika kiti, na mdomo umefungwa kama wa mtu ambaye ameshasema na sasa anangoja upande wa pili ujibu. Si mpole. Chini ya mdomo wa chini nimeacha ule ubluu kidogo.

Alitazama muda mrefu. Nilisikia pumzi yake ikienda na kurudi.

"Mama huyu mbona ana kiburi?" akauliza.

Nikafuta mikono kwenye aproni. "Ndivyo ulivyo, mama."

"Najua," akasema. "Usifute."